Mmohikani wa Mwisho Hakuwa wa Mwisho

Huenda, msomaji, umekwisha kusoma hadithi iitwayo The Last of the Mohicans, yaani Mmohikani wa Mwisho. Mtungaji wake ni Mmarekani, James Fenimore Cooper, nayo ilipigwa chapa mwaka 1826. Ni hadithi ya vita na mapenzi katika nchi ya milima, misitu na maziwa, mbali kaskazini ya mji wa New York. Hadithi ni tamu. Lakini utamu wake usikulevye hata ukasahau kuuliza ni lipi lililotukia na ni lipi lililobuniwa.

Kwanza na tutazame yaliyotukia. Mwaka 1757 Waingereza na Wafaransa walikuwa wakiipigania nchi hiyo, ambayo wenyeji wake hawakuwa hawa wala wale. Katika milima ile yenye msitu mnene njia kuu ilikuwa maji, na aliyelishika ziwa alikuwa ameushika mlango wa nchi. Kwa sababu hiyo Waingereza walijenga ngome ya William Henry kwenye ncha ya kusini ya ziwa George. Mwezi wa Agosti Jemadari Montcalm wa Ufaransa aliizingira kwa watu wapatao 8,000, na miongoni mwao walikuwamo wapiganaji wa makabila mengi ya wenyeji. Kanali Monro alingoja msaada, usifike. Tarehe 9 Agosti akasalimu amri, akaahidiwa kwamba yeye na watu wake wataondoka salama. Lakini wale wenyeji hawakuulizwa shauri katika mapatano hayo. Walikuwa wametumaini nyara, nao wakajiona wanarudi mikono mitupu. Kesho yake wakawashambulia waliokuwa wakiondoka. Zamani ilisemwa kwamba waliouawa walizidi elfu. Mwaka 1990 mwanahistoria Ian Steele alikadiria kuwa hawakuzidi 184.

Juu ya msingi huo Cooper alijenga nyumba yake. Aliwabuni Cora na Alice, binti za kanali. Akambuni mwindaji Hawkeye, na rafiki yake Chingachgook, na Uncas mwana wa Chingachgook, kijana aliyempenda Cora. Mwishowe Uncas na Cora wanauawa mlimani, na msomaji hukifunga kitabu akiwalilia Wamohikani kama watu waliokwisha duniani.

Hapo ndipo pa kusimama na kufikiri. Wamohikani hawakwisha. Tangu miaka ya 1730 wengi wao walikaa Stockbridge, katika Massachusetts. Katika vita vya uhuru wa Marekani walipigana upande wa Wamarekani. Hata hivyo walipoteza ardhi yao, wakahamia kwa Waoneida katika New York. Katika miaka ya 1820 wakaanza safari nyingine, ya kwenda Wisconsin. Basi wakati Cooper alipokuwa akiandika kwamba wamekwisha, wao walikuwa njiani wakitafuta pa kukaa. Wazao wao wako Wisconsin hata leo, wenye ardhi yao na baraza lao la kujitawala.

Usidhani kwamba hili ni kosa dogo la mtunga hadithi. Maiti hadai shamba lake. Watu wakisemwa kuwa wamekufa, aliyeichukua nchi yao haulizwi neno; atamwaga machozi juu ya kaburi lisilo na mtu, kisha ataendelea kulima. Wahenga walisema: msema pweke hakosi. Cooper alisema pweke, na ulimwengu ukamwamini.

Je, tukitupe kitabu chake? La. Kisome mara mbili: mara ya kwanza kwa moyo, uione milima na usikie maporomoko ya maji, mara ya pili ukiwa na ramani na tarehe mkononi. Na popote utakapokuta watu wakiitwa wa mwisho, uliza: ni nani aliyewahesabu?