Ada ya Kuandaa Madai ya Bima ya Afya

Malipo ambayo zahanati, kliniki au hospitali humlipa mtu au kampuni ya nje kwa kuandaa, kupeleka na kufuatilia madai yake kwa mfuko wa bima.

Marekani, ambako kazi hii ni biashara kubwa, njia iliyozoeleka ni asilimia ya fedha zilizopatikana, mara nyingi 4 hadi 10. Wengine hutoza kwa kila dai au kwa mwezi. Swali la msingi ni asilimia ya nini. Tuseme kliniki ya Makambako imedai shilingi 2,000,000, bima ikakata 400,000. Kwa asilimia 5 ya kilicholipwa, ada ni 80,000; kwa asilimia 5 ya kilichodaiwa, ni 100,000, na daktari analipia hata hewa.

Tanzania, madai mengi huandaliwa na watumishi wa kituo chenyewe. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioundwa kwa Sheria Na. 8 ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001, hulipa kwa huduma iliyotolewa. Kwa miaka mingi dai lilibebwa na Fomu 2A na B: namba ya kadi, ugonjwa, vipimo, dawa, sahihi ya mgonjwa. Sahihi ikikosekana, dai hukatwa ingawa dawa imeshamezwa.

Kwa kituo kidogo cha Matamba, wilayani Makete, karani makini ana faida kuliko wakala wa mbali: mgonjwa akisahau kusaini, humwita kabla hajatoka getini.