Kabla ya leseni kulikuwa na kijiwe

Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua za Katavi zimekolea, miaka michache kabla Serikali haijajenga bandari ya Karema. Nilikodi bodaboda Mpanda mjini kwenda huko, kando ya Ziwa Tanganyika. Tulipouacha mji barabara ikageuka utelezi mtupu, na mbele kidogo tukakuta korongo ambalo maji yalikuwa yamelila mpaka mawe yakabaki wazi. Kijana aliyenibeba akazima injini.

"Mzee, shuka kidogo. Hapa nikikupitisha tunaanguka wote."

Nikashuka, nikavua viatu, nikakunja suruali. Yeye akapunguza upepo wa tairi la nyuma, akawasha, akasimama juu ya vikanyagio, magoti kayalegeza, vidole viwili kwenye klachi. Akayapanda mawe yale polepole, kama mtu anayemvusha mtoni ng'ombe mwenye woga. Nilikuwa nikiiangalia miguu yake. Haikugusa chini hata mara moja.

Miaka ilipita kabla sijajua kwamba kuna nchi ambako jambo hilohilo ni mchezo, na watu huzeeka nao. Huko Uskoti mashindano ya Scottish Six Days Trial yalianza kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na makao yake ni mji mdogo wa Fort William, milimani. Hakuna anayeshindania mbio. Mwendeshaji anapewa kipande cha mawe, tope au kijito, akipite bila kukanyaga chini. Akigusa kwa mguu mara moja, anaandikiwa alama 1. Pikipiki ikimshinda kabisa, alama 5. Anayemaliza na alama chache ndiye mshindi. Na kila kipande kina mwangalizi wake, mtu wa kujitolea, anayesimama mvuani kutwa nzima na kadi na penseli mkononi, halipwi. Klabu inayoyaandaa, Edinburgh & District Motor Club, ni ya wanachama wa kawaida wanaotoa siku zao za likizo ili wengine wapite matopeni kwa kufuata kanuni.

Habari za yule mwangalizi ziliniganda kichwani. Nikaanza kujiuliza Mpanda yuko wapi mtu wa namna hiyo: anayelinda kanuni za pikipiki bila mshahara, bila sare ya Serikali, na watu wakamsikiliza. Kumbe nilikuwa nikimpita kila asubuhi. Ni katibu wa kijiwe cha bodaboda, na silaha yake ni kaunta buku lililokunjika pembe.

Historia ya vijiwe vya Mpanda inaanzia mbali kuliko pikipiki zenyewe. Mji huu ulizaliwa na madini ya risasi. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba hapa, na kwa ajili ya mgodi huo reli ikaletwa kutoka Kaliua, kilomita 210 hivi za pori, ikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, na treni ikawa ndiyo saa ya mji: ikiingia, stesheni inajaa, ikiondoka, Mpanda inarudi kuwa kisiwa. Lakini treni humfikisha mtu stesheni tu. Kutoka hapo kwenda Kakese, Mwamkulu, Magamba au Karema, kila mtu alijijua mwenyewe na miguu yake.

Ikaja baiskeli. Watu wa umri wangu wanaikumbuka Phoenix ya Kichina yenye keria nzito nyuma. Ilibeba gunia la mahindi, ilibeba migebuka na dagaa kutoka ziwani, ilibeba mgonjwa aliyefungwa kwa kanga kwenye mgongo wa mwendeshaji asianguke. Makazi ya Katumba, yaliyofunguliwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, na ya Mishamo yaliyofuata mwishoni mwa muongo huo, yaliongeza wakulima hodari katika pori hili, na mazao yao yalihitaji kufika mjini. Pikipiki ilikuwa chombo cha wakubwa. Ukisikia mlio wake kijijini, ulijua anakuja bwana shamba, au padri, au mtu wa chanjo.

Neno bodaboda lenyewe halikuzaliwa kwetu. Lilitoka mpakani mwa Kenya na Uganda, maeneo ya Busia na Malaba, ambako katika miaka ya 1960 vijana wa baiskeli walikuwa wakiwavusha abiria na mizigo kati ya kituo cha mpaka cha nchi moja na cha nchi nyingine. Baiskeli zikapokewa na pikipiki, jina likasafiri, na katika miaka ya 2000, pikipiki za bei nafuu za Kichina kama SanLG zilipomwagika Tanzania, likafika hata huku mwisho wa reli. Baadaye zikaja Boxer na TVS kutoka India. Msimu wa malipo ya tumbaku ukiwa mzuri, mkulima alinunua pikipiki akamkabidhi mdogo wake au mtoto wa jirani: leta hesabu kila jioni. Hesabu, mkataba, deiwaka: maneno ya kazi yakaingia mjini pamoja na mashine.

Na hapa ndipo kuna jambo ambalo nadhani hatujaliandika inavyostahili. Vijana hao walipoanza, hakukuwa na sheria iliyowatambua. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilijua pikipiki, lakini pikipiki ya kubeba abiria kwa nauli haikuwa na leseni yake. Kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji zilitoka mwaka 2010, na SUMATRA, mamlaka ya usafiri wa wakati huo, ikazipa halmashauri jukumu la kutoa leseni hizo. Kwa hiyo kuna miaka ambayo maelfu ya watu nchini walipanda bodaboda kila siku na Serikali haikuwa na karatasi ya kuwapa waliowabeba. Nani alikuwa akizuia watu wasipigane ngumi kugombea abiria stesheni? Nani alikuwa akimjua dereva aliyeondoka na mzigo wa mama wa watu?

Kijiwe.

Kanuni zake za mwanzo hazikuandikwa popote. Ya kwanza ni foleni: aliyefika kwanza anaondoka kwanza, na anayerudi na pikipiki yake anakwenda mwisho wa mstari. Abiria akiwa na dereva wake wa siku zote, anaruhusiwa kumchagua, na wengine wananyamaza. Wa kijiwe kingine anaweza kushusha abiria hapa, lakini kupakia hapa ni kosa. Deiwaka, yaani anayeshika pikipiki ya mwenzake kwa siku, hasimami foleni mpaka mwenye pikipiki aje amtambulishe kwa mdomo wake. Ukimtukana abiria, faini. Ukija umelewa, unapelekwa nyumbani na funguo zinabaki kwa mwenyekiti. Kupakia mishikaki, yaani abiria wawili au zaidi, kulikatazwa na baadhi ya vijiwe, vingine vikafumba macho, na hata leo vinafumba, sitawapamba.

Mtu akiuliza vijana hao walijifunzia wapi kuendesha chombo chenye mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mkutano mkuu, jibu liko kwa wazazi wao. Mkoa huu umelelewa na ushirika wa tumbaku, na jumuiya ndogondogo za Wakatoliki, na vikundi vya kuzikana, na timu za mpira za mitaa ambazo zilikuwa na katiba kabla hazijawa na mpira. Mtoto aliyekuwa akitumwa kumpelekea baba yake kofia mkutanoni alisikia maneno "akidi" na "yatokanayo" kabla sauti yake haijavunjika. Alipopata pikipiki alijua la kufanya: kaa chini ya mwembe, chagueni viongozi, nunueni daftari.

Mwezi Machi 2012 Katavi ikawa mkoa. Kabla ya hapo Mpanda ilikuwa wilaya ya Rukwa, na shughuli ya kimkoa ilimaanisha safari ya Sumbawanga. Ghafla wilaya ya mbali ikawa makao makuu, zikaja ofisi, wakaja watumishi ambao hawana ndugu mjini, hawajui njia na wanataka kufika kazini saa moja na nusu. Nyumba zikaota Kawajense, Nsemulwa, Misunkumilo, Ilembo. Kila mtaa ulipopata duka la pili ulipata na kijiwe. Ndipo kanuni za mdomo zikaanza kuelemewa, maana foleni ya watu 8 wanaojuana inalindwa kwa aibu tu, lakini foleni ya watu 40 inataka orodha. Namba zikaandikwa mgongoni mwa viakisi mwanga. Kiingilio kikawekwa ili mgeni asije leo akaondoka kesho na sifa mbaya ya wote. Kaunta buku likafunguliwa.

Nimeruhusiwa kusoma kurasa chache za madaftari hayo. Ni maandishi ya kalamu ya bluu, tarehe, majina, fedha: michango ya mwenzetu aliyevunjika mguu, faini ya aliyeruka foleni, nauli ya kumsindikiza mjane kwao. Sijaona kumbukumbu yoyote ya ofisi inayoeleza maisha ya vijana wa Mpanda kwa ukaribu wa namna hiyo. Katibu anayeyaandika hapati posho. Wakati anaandika, foleni inasogea bila yeye, na kila mkutano wa jioni unamlia safari mbili tatu. Akiugua mwenzake, yeye ndiye anayepita na kofia. Mwenzao akifa barabarani, yeye ndiye anayepanga msafara: pikipiki zimefungwa matawi ya miti, honi zinalia kutoka mochwari mpaka makaburini. Wapo wanaoukasirikia msafara ule kwa kelele na mwendo wake, nami nimewahi kuupisha nikiwa na hofu. Lakini simjui mtu mwingine mjini anayezikwa na kazi yake nzima namna ile.

Kuna na kujitolea kusikoingia daftarini. Usiku wa manane uchungu ukimshika mama kijijini, mlango unaogongwa kwanza ni wa mwenye pikipiki. Siku hizi kuna mfumo wa m-mama, ambao ukipiga simu 115 bila malipo unapata usafiri wa dharura kwa mjamzito na mtoto mchanga, na umeokoa wengi. Kabla yake, na hata sasa pale mtandao unaposhindwa, ni kijana, mke wa mtu katikati, na mama mkwe nyuma akimshikilia, hiyo mishikaki ambayo hakuna kijiwe kitakachokutoza faini.

Katiba zilizoandikwa kwa kompyuta zilikuja kwa njia nyingine: mikopo. Sheria iliposisitiza mwaka 2018 kwamba halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, bodaboda wakaambiwa waunde vikundi, wasajiliwe, wafungue akaunti. Katiba zikahitajika haraka, na zikapatikana haraka. Ukizisoma zinafanana kama mapacha, kuanzia jina la kikundi mpaka kifungu cha kuvunjika kwake. Mikopo ikasimamishwa mwaka 2023, ikarejea mwaka uliofuata, na katika kipindi hicho cha kati vikundi vingine vilikufa kimyakimya. Vijiwe havikufa. Kwangu mimi katiba ya kweli ni ile ya kwenye kaunta buku, iliyofutwafutwa kila walipogombana wakapatana.

Tangu mwaka 2019 msimamizi ni LATRA, iliyoirithi SUMATRA, na viongozi siku hizi huwaita bodaboda maafisa usafirishaji, jina wanalolipenda. Lami nayo imefika, ya kutoka Sumbawanga na ya kutoka Tabora. Imeleta hatari ambayo matope hayakuwa nayo: mwendo. Kwenye utelezi wa Karema kijana hujiangusha taratibu akainuka anacheka. Kwenye lami haponi. Na barabara ya kwenda Sumbawanga, ukishaipita Sitalike, inakata ndani ya Hifadhi ya Katavi, ambako usiku twiga au tembo anaweza kuwa amesimama katikati ya njia. Viongozi wa vijiwe niliozungumza nao wanalitaja hili kabla hujawauliza, na ndilo linalowagawa: je, kijiwe kina haki ya kumkataza mwanachama safari ya usiku, ikiwa abiria ameshatoa fedha na bosi anadai hesabu? Wazee wa kijiwe wanasema ndiyo. Vijana wenye mkataba, ambao kila siku iliyopotea inawasogezea mbali umiliki wa pikipiki, wanabisha. Mjadala huo unaendelea chini ya miembe ya Makanyagio na Majengo, na nadhani ni mjadala mzito kuliko mingi inayopewa ukumbi na maji ya chupa.

Safari yangu ya Karema ilituchukua siku mbili kwenda na kurudi. Tuliingia Mpanda jioni, tope limetukauka mpaka kwenye kope. Kijiweni kulikuwa na pikipiki kama 11 zimejipanga, na wenyewe wameketi kwenye benchi la mbao. Nilipomaliza kumlipa, abiria akatokea na begi, akaelekea moja kwa moja kwetu kwa sababu tulikuwa karibu naye. Kijana akamwonyesha kwa kidole pikipiki ya mbele. Kisha akazima injini, akaisukuma ya kwake, akapita wenzake mmoja baada ya mwingine akiwasalimia, mpaka mwisho wa mstari.