Mke, Mjane na Raia: Ndoa na Uraia katika Miteremko ya Kilimanjaro tangu 1961

Neno "uraia" limetokana na "raia", nalo lilipokewa kutoka Kiarabu likiwa na maana ya watu walio chini ya mtawala. Kwa muda mrefu katika pwani raia alikuwa mtu wa fulani: wa Sultani, wa mfalme, wa dola. Maana ya mtu mwenye haki zake mwenyewe, anayeidai serikali kama inavyomdai yeye, ilikuja baadaye. Neno "tajnisi", linalotumika nchini Tanzania kwa uraia anaopewa mgeni kwa maombi, lina asili ya kuvutia zaidi. Mzizi wake wa Kiarabu ndio uliozaa "jinsi" na "jinsia". Waarabu husema "jinsiya" wakimaanisha utaifa wa mtu. Waswahili wa leo husema "jinsia" wakimaanisha uke na uume. Ukoo huo wa maneno ni wa bahati tu. Hata hivyo, anayefuatilia historia ya wanawake wageni walioolewa Moshi na vijiji vyake ataona kwamba maana hizo mbili zimekuwa zikikutana mara kwa mara mezani pa afisa uhamiaji.

Kabla ya ukoloni, mtu wa Kilimanjaro alikuwa mtu wa Mangi wake. Machame, Kibosho, Old Moshi, Kilema, Marangu na Rombo hazikuwa nchi moja. Mwanamke aliyetoka utawala mmoja akaolewa katika mwingine alivuka mpaka wa kweli, wakati mwingine kati ya watu waliokuwa vitani mwaka uliotangulia. Kilichomfanya awe wa huko hakikuwa karatasi. Ilikuwa ni mahari, pombe ya mbege iliyonywewa na pande mbili, na kihamba alichoingizwa ili akitunze: migomba, na baadaye kahawa chini yake. Kihamba kilikuwa cha ukoo wa mume na kilirithiwa na wana. Mume alipofariki, mjane alitarajiwa kubaki pale akiwa mlezi wa warithi, hakurudi kuwa mgeni. Kwa hesabu ya mila, ndoa ilikuwa imekwisha kumhamisha, na kifo hakikumrudisha alikotoka. Mila hiyo isisifiwe kupita kiasi, kwa maana mjane huyohuyo hakuwa na uwezo wa kukigawa kihamba wala kukiuza, na aliyezaa mabinti watupu alijua jinsi mashemeji wanavyoweza kubadilika. Lakini juu ya swali la kwamba yeye ni wa wapi, jibu lilikuwa wazi.

Dola ya kisasa ilileta swali hilo upya kwa maandishi. Chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, wenyeji wa Tanganyika walikuwa watu waliolindwa na Uingereza, si raia kamili wa Uingereza. Mjini Moshi, mji uliokua kwa reli iliyotoka Tanga na kwa biashara ya kahawa, waliishi pia Wahindi, Wasomali, Wagiriki wenye mashamba na Waingereza, kila mmoja na hati zake. Uhuru ulipokaribia, suala la nani awe raia liliwasha moto bungeni. Mnamo Oktoba 1961 baadhi ya wajumbe walitaka uraia utolewe kwa kufuata rangi, au angalau Waafrika watangulizwe. Julius Nyerere alikataa katakata, na akaeleza kwamba serikali yake ingejiuzulu iwapo hoja hiyo ingeshinda. Haikushinda. Tarehe 9 Desemba 1961 uraia wa Tanganyika ulianza bila kipimo cha rangi: aliyezaliwa nchini na mzazi wake mmoja akiwa pia amezaliwa nchini aliupata siku hiyohiyo, na wengine walipewa muda wa kujiandikisha.

Ukuta wa rangi ulivunjwa kwa mjadala mkali. Ukuta wa jinsia ulipita karibu kimya. Mke wa raia alipewa haki ya kuandikishwa kwa sababu ya mumewe. Mume wa raia hakupewa. Haikuwa ajabu kwa zama zile. Sheria ya Uingereza, iliyokuwa kielelezo, hadi 1948 ilimfanya mke afuate uraia wa mume kama mkia unavyofuata ng'ombe, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu uraia wa wanawake walioolewa ulikuwa wa 1957 tu. Kwa familia za Moshi zilizogawa pasipoti zao, huyu akichukua ya Tanganyika na yule akibaki na ya Uingereza, uamuzi wa mwaka mmoja ulikuja kuamua nani angeweza kubaki na nani angehitaji kibali.

Sheria ya Uraia ya 1995 ilikusanya mambo haya mahali pamoja. Uraia ukawa wa aina tatu: wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi. Mgeni wa kawaida anayeomba tajnisi hutakiwa awe ameishi nchini mfululizo kwa miezi 12 kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Awe na tabia njema. Na ajue vya kutosha Kiswahili au Kiingereza. Mwanamke aliyeolewa na raia ana njia yake: anaweza kuomba wakati wowote katika uhai wa mumewe.

Hapo penye maneno "katika uhai wa mumewe" ndipo penye uzito. Fikiria mwanamke aliyetoka Taveta au Taita akaolewa Rombo au Marangu. Kutoka Moshi hadi mpaka wa Holili ni safari fupi, na ndoa za pande mbili za mpaka ni za zamani kuliko mpaka wenyewe, uliochorwa na Wajerumani na Waingereza kuanzia 1886. Huyu hakuona haraka ya kuomba. Watoto wamezaliwa, kahawa inachumwa, majirani wanamwita mama fulani. Kuomba kungemlazimu kuukana uraia wa kuzaliwa, kwa kuwa Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na Kenya nayo ilikataza hadi 2010. Mpaka ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, hadi ulipofunguliwa 1983, wengi wa aina yake walitambua kwa mara ya kwanza kwamba kumzika mzazi upande wa pili ni jambo la hati. Hata hivyo siku zikapita. Kisha mume akafariki, na pamoja naye msingi wa ombi ambalo halikuandikwa. Kinachobaki ni njia ya mgeni yeyote: miaka, ushahidi wa tabia, ada. Na kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kihamba alichokitunza miaka 30 kinaweza kutafutiwa hoja na ndugu wa marehemu ambao jana walimwita shemeji. Mila ilimhesabu kuwa amekwisha kuhama; sheria inamkuta bado yuko njiani.

Talaka ina utata wa namna nyingine. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa za dini, za kiserikali na za kimila, na kutoandikishwa hakuibatilishi ndoa. Hivyo mke wa ndoa ya kimila kule Kibosho ni mke halali, ingawa cheti kitamsumbua kukipata. Ndoa hiyo haivunjwi kwa mume kufunga mlango, wala kwa wazee kurudisha mahari. Kwa kawaida shauri hupitia kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, kisha mahakama ndiyo inayoivunja kwa amri. Aliyetengana na mumewe huku ombi lake likisubiri bado ni mke. Amri ikitoka, si mke tena, na fomu aliyoijaza inasema jambo ambalo limekoma kuwa kweli. Kishawishi cha kunyamaza ni kikubwa. Lakini sheria hiyohiyo ya uraia inaruhusu kumnyang'anya uraia aliyeupata kwa tajnisi ikiwa aliupata kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo la msingi. Aliyekwisha kuukana uraia wake wa kwanza ana hatari ya kubaki bila nchi yoyote. Kuiarifu idara mapema kunaweza kumgharimu ombi. Kutoarifu kunaweza kumgharimu zaidi, tena baada ya miaka.

Mume mgeni wa mwanamke Mtanzania hana hata tatizo hilo, kwa maana Sheria ya 1995 haikumpa chochote cha kupoteza. Mchaga wa kike aliyeolewa na daktari mgeni wa KCMC alikuta mumewe akihesabiwa kama mgeni mwingine yeyote. Nchini Botswana, Unity Dow alikwenda mahakamani juu ya ubaguzi unaofanana na huo, uliohusu uraia wa watoto wake, na Mahakama ya Rufani ikampa ushindi mwaka 1992.

Lugha nayo ina kesi yake. Kiswahili kwa kawaida hutenganisha pande mbili za ndoa: mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na kauli ya kutendewa imekwisha kupanga nani anamfuata nani kabla sheria haijasema neno. Isitoshe, "mwanamke aliyeolewa" yaweza kuwa aliye katika ndoa sasa au aliyepata kuolewa zamani. Katiba ya Kenya ya 1963 ilitenganisha waziwazi: iliwataja walioolewa siku ya mkesha wa uhuru na waliopata kuolewa kabla yake, hivyo mjane na mtalaka wakaingia. Katiba ya 2010 ikaenda mbali zaidi. Ndoa ya miaka 7 inampa haki ya kuomba mume au mke, na uraia haupotei kwa kufunga ndoa wala kwa ndoa kuvunjika. Vilevile imempa Mkenya wa kuzaliwa aliyeupoteza kwa kuchukua uraia mwingine haki ya kuurudisha.

Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, na sheria zilizotungwa kwa Kiingereza zinahitaji kuandikwa upya. Atakayekifikia kifungu cha mke wa raia atalazimika kuchagua kati ya "aliyeolewa", "aliye katika ndoa" na "aliyepata kuolewa". Kwa mjane wa Rombo, tofauti ya maneno hayo matatu ni tofauti ya kukaa na kuondoka.