Kutoka Ngumi za Chenjiagou hadi Ukumbi wa Tiba: Historia ya Taichi katika Utengamao na Maumivu Sugu

Taichi, ambayo kwa jina lake kamili la Kichina huitwa taijiquan, ni mfululizo wa miondoko inayofanywa polepole na bila kukatika, ambamo uzito wa mwili huhamishwa kutoka mguu mmoja hadi mwingine huku mikono, kiuno na pumzi vikifuatana. Katika huduma za utengamao, yaani zile zinazomrudishia mgonjwa uwezo wa kuvitumia viungo vyake baada ya maradhi au jeraha, mazoezi haya hutolewa leo kwa wazee wanaohofia kuanguka, kwa wenye magoti yaliyochakaa, na kwa wale ambao maumivu yao yamepita miezi mitatu bila kukoma, ambayo kwa lugha ya tiba huitwa maumivu sugu. Wengi huyapokea wakiamini kwamba ni dawa ya kale iliyowafikia bila kuguswa. Ukweli ni kwamba taichi ilizaliwa kama sanaa ya mapigano, ikawa tiba kwa sababu walimu wa vizazi mbalimbali walithubutu kuipunguza kasi, kuifupisha na kuinua mikao yake, ili iwafae watu dhaifu kuliko wale waliofundishwa kabla yao.

China ilikuwa na mazoezi ya tiba karne nyingi kabla ya taichi kuwapo. Mwaka 1973, wanaakiolojia waliofukua makaburi ya Mawangdui, karibu na mji wa Changsha, walipata katika kaburi lililofungwa mwaka 168 KK kitambaa cha hariri kilichochorwa watu 44, wanaume kwa wanawake, kila mmoja akiwa katika mkao wake, na pembeni mwa baadhi yao yameandikwa maneno machache yanayotaja maradhi yaliyokusudiwa kutibiwa, yakiwemo maumivu ya goti. Mazoezi hayo yaliitwa daoyin, yaani kuiongoza pumzi na kuvinyoosha viungo. Mwishoni mwa Enzi ya Han, mganga mashuhuri Hua Tuo alifundisha mazoezi ya wanyama watano, ambao ni chui milia, kulungu, dubu, nyani na ndege, na kumbukumbu za kale husimulia kwamba mwanafunzi wake Wu Pu alivuka umri wa miaka 90 akiwa na meno yake. Huo ndio mkondo wa kwanza. Mkondo wa pili, ule wa ngumi, ulitoka jeshini.

Katika karne ya 16 jenerali Qi Jiguang, aliyepambana na maharamia wa pwani ya mashariki ya China, aliandika kitabu cha mafunzo ya askari chenye sura moja kuhusu mapigano ya mikono mitupu, na ndani yake alikusanya mikao 32. Mingi kati ya mikao hiyo inaonekana tena, kwa majina yaleyale, katika mazoezi ya ukoo wa Chen wa kijiji cha Chenjiagou, mkoani Henan, ambako Chen Wangting, mtu wa silaha aliyeshuhudia Enzi ya Ming ikianguka katikati ya karne ya 17, anahesabiwa kuwa ndiye aliyeunganisha ngumi hizo na pumzi za daoyin. Hadithi maarufu zaidi humtaja mtawa Zhang Sanfeng kuwa mwanzilishi, lakini mwanahistoria Tang Hao, aliyefika Chenjiagou mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kuzichunguza nyaraka za ukoo, aliikataa hadithi hiyo, na hoja zake zina uzito kwa kuwa zinasimama juu ya maandishi na si juu ya heshima inayotolewa kwa watakatifu. Taichi ya Chen wakati huo haikuwa ya wagonjwa hata kidogo, kwa maana ilikuwa na kuruka, kukanyaga ardhi kwa kishindo, na mapigo ya ghafla yaliyofuata miondoko ya polepole.

Mtu aliyeitoa kijijini ni Yang Luchan, aliyezaliwa mwaka 1799 katika wilaya ya Yongnian, ambaye alijifunza kwa Chen Changxing kisha akaenda Beijing kufundisha katika nyumba za wakuu wa Kimanchu na miongoni mwa walinzi wa kasri. Mjukuu wake, Yang Chengfu, aliyeishi kati ya mwaka 1883 na 1936, ndiye aliyekamilisha mabadiliko makubwa: aliondoa vishindo na miruko, akaipanua miondoko, akaifanya yote iende kwa mwendo mmoja wa utulivu. Utawala wa kifalme ulikuwa umeanguka mwaka 1912, bunduki ilikuwa imeufanya ustadi wa ngumi upoteze kazi yake ya zamani, na wasomi wa jamhuri changa walikuwa wakitafuta namna ya kuijenga afya ya taifa lililodharauliwa na mataifa yenye nguvu. Walimu waliokuwa wakiwafundisha walinzi sasa walijikuta mbele ya makarani, wafanyabiashara na wasomi wa Beijing na Shanghai, watu wa kukaa kitini kutwa, nao wakaikata sanaa kwa kipimo cha miili hiyo. Upole unaosifiwa leo ulitokana kwa sehemu kubwa na wanafunzi hao wa mjini.

Hata hivyo, mfululizo wa Yang Chengfu ulikuwa mrefu, wenye miondoko kati ya 85 na 108 kutegemea namna ya kuihesabu, na kuumaliza kulichukua zaidi ya dakika 20. Mwanafunzi wake Zheng Manqing, aliyekuwa pia tabibu, mshairi na mchoraji, aliufupisha hadi miondoko 37, na tangu mwaka 1964 akaufundisha New York. Nchini China kwenyewe, mwaka 1956 kamati ya serikali inayosimamia michezo ilitoa mfululizo wa miondoko 24 unaomalizika kwa dakika chache, ili ufundishwe viwandani, shuleni na kwenye bustani. Wazee wa nasaba za zamani walilalamika kwamba maana ya kila pigo imetupwa, na malalamiko yao yalikuwa ya haki, kwa sababu anayejifunza miondoko 24 peke yake hajui mkono wake unazuia nini. Lakini bila ufupisho huo mgonjwa asiyeweza kusimama nusu saa asingepata mlango wa kuingilia, na kwa upande wa tiba hasara hiyo ilistahili kubebwa.

Wakati hayo yakiendelea mashariki, tiba ya Ulaya ilikuwa imeegemea upande mwingine. Mpasuaji wa Kiingereza John Hilton, katika kitabu chake cha mwaka 1863, alikufanya kupumzika kuwa nguzo ya kutibu maumivu, na kwa zaidi ya karne moja mwenye mgongo unaouma aliamriwa kulala. Imani hiyo ilitikiswa mwaka 1986, pale Richard Deyo na wenzake wa Marekani walipoonyesha kwamba wagonjwa wa mgongo walioshauriwa kulala siku mbili walikosa siku chache zaidi za kazi kuliko walioshauriwa kulala siku saba, bila kupata madhara ya ziada. Sababu zake zinaeleweka: msuli usiotumika husinyaa, kiungo kisichosogezwa hukakamaa, na mtu anayekwepa kila mwendo kwa kuogopa maumivu huongeza hofu yake, na hofu hiyo nayo huyazidisha maumivu. Madaktari walihitaji mazoezi ambayo mtu mwenye maumivu angekubali kuyaanza, na taichi, iliyokwisha kupunguzwa mara kadhaa, ilikuwa tayari.

Huko Atlanta, Steven Wolf na wenzake katika Chuo Kikuu cha Emory waliikata zaidi, wakaifanya miondoko 10 tu, wakaijaribu kwa watu 200 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kwamba baada ya wiki 15 za mafunzo, hatari ya kuanguka mara kwa mara ilipungua kwa asilimia 47.5, na waliofundishwa walisema pia kwamba hofu yao ya kuanguka imepungua. Mwaka uliofuata, mjini Sydney, daktari Paul Lam, ambaye mwenyewe aliugua viungo tangu ujana, alishirikiana na wataalamu kutunga programu ya taichi kwa wenye yabisi ya viungo. Hakuitegemea sana mitindo ya Chen na Yang, bali aliuchagua mtindo wa Sun Lutang, bingwa wa ngumi aliyefariki mwaka 1933, kwa kuwa humruhusu mtu kusimama akiwa amenyooka zaidi, hivyo goti halikunjwi sana wala halibebeshwi mzigo mkubwa.

Uchunguzi wa kina zaidi kuhusu maumivu ulifanywa Boston na Chenchen Wang wa Chuo Kikuu cha Tufts. Mwaka 2010 timu yake ilitoa matokeo ya wagonjwa 66 wa fibromialjia, maradhi yanayosababisha maumivu mwili mzima pamoja na uchovu na usingizi mbaya, ambapo waliofanya taichi kwa wiki 12 walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa elimu ya afya na mazoezi ya kujinyoosha. Mwaka 2016, kwa watu 204 wenye magoti yaliyochakaa, taichi ililingana na tiba ya viungo ya kawaida, na mwaka 2017 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliitaja taichi miongoni mwa njia za kutangulizwa kabla ya dawa kwa maumivu sugu ya mgongo. Udhaifu mmoja wa tafiti za aina hii hauepukiki, kwani mgonjwa hawezi kufichwa kwamba anafanya taichi, hivyo matumaini yake huingia katika hesabu. Ndiyo maana jaribio la mwaka 2018, lenye wagonjwa 226 wa fibromialjia, lina thamani ya pekee: liliilinganisha taichi na mazoezi ya kuongeza mapigo ya moyo, ambayo kwa kawaida ndiyo yanayopendekezwa, na taichi ikaleta nafuu sawa au kubwa zaidi. Waliofundishwa kwa wiki 24 walinufaika kuliko wa wiki 12, ilhali kuhudhuria mara mbili kwa wiki hakukuongeza faida ya maana juu ya mara moja, na watu wa taichi walifika darasani mara nyingi zaidi kuliko wenzao wa mazoezi ya moyo.