Mzee wa Moshi Anayewatembeza Wajerumani Kwenye Mji Wao Wenyewe

Vijana wa Karatu, Mbulu na Dongobesh wanaijua hii kazi vizuri. Mgeni anashuka KIA, anapakiwa kwenye Land Cruiser ya kufungua juu, anapelekwa Tarangire au Ngorongoro, halafu kijana wa huku huku ndiye anamwambia huyu chui, yule duma, na tafadhali usishuke kwenye gari. Mjerumani wa watu anakaa kimya, anasikiliza, anapiga picha, anatoa tipu, anarudi kwao kusimulia.

Sasa geuza ramani. Uko Berlin, mji mkuu wa Ujerumani. Kundi la Wajerumani limesimama kwenye kona ya mtaa, makoti mpaka shingoni. Mbele yao yuko mzee wa Kichaga, mzaliwa wa Moshi, ananyoosha kidole kwenye kibao cha jina la mtaa. Anawauliza kama wanajua huyo aliyeandikwa pale ni nani. Wengine wameishi Berlin tangu wazaliwe na hawajui.

Anaitwa Mnyaka Sururu Mboro. Alikwenda Ujerumani 1978 kusoma, akabaki. Ni mmoja wa waanzilishi wa Berlin Postkolonial, kikundi kilichoanza 2007, na kwa miaka mingi kazi yake inayojulikana zaidi imekuwa hiyo: kutembeza watu Berlin kwa miguu na kuwaonyesha mambo ambayo basi la watalii hulipita bila kupunguza mwendo.

Ukweli ni kwamba ziara za kawaida za Berlin zinafanana. Unaonyeshwa Lango la Brandenburg, unapelekwa jengo la bunge, unaona vipande vya ukuta uliojengwa 1961 na kuanguka Novemba 1989, unahadithiwa habari za Hitler na vita, unanunua sumaku ya kubandika kwenye friji, kwisha. Kuna Watanzania walioipita Berlin kwa spidi kuliko watalii wote: Suleiman Nyambui alishinda mbio za marathoni za Berlin 1987 na 1988, na Alfredo Shahanga akashinda 1989, wiki chache kabla ukuta haujaanguka. Miaka mitatu mfululizo Berlin ni ya Wabongo! Ila ukikimbia kilomita 42 huna muda wa kusoma vibao vya mitaa.

Mzee Mboro yeye anatembea polepole, na anasoma kila kibao.

Safari yake imeanzia kwa bibi. Kabla hajaondoka Moshi, bibi yake alimpa agizo moja: huko Ujerumani unakokwenda, tafuta kichwa cha Mangi Meli ukirudishe nyumbani. Meli alikuwa Mangi wa Old Moshi. Mwaka 1892 watu wake waliwapiga Wajerumani vitani mpaka kamanda wao, von Bülow, akafa. Mwaka uliofuata Wajerumani wakarudi na nguvu kubwa zaidi wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga juu ya mti pamoja na viongozi wenzake, na kwa jinsi watu wa Old Moshi walivyosimuliana kizazi hadi kizazi, kichwa chake kikakatwa na kusafirishwa kwenda Ujerumani. Kijana anaaga kwenda kusoma Ulaya, wengine wanaagizwa viatu na redio, yeye anaagizwa kichwa cha mangi.

Basi jamaa anafika Ujerumani na swali lake, na Berlin anakuta kuna mtaa unaitwa Petersallee. Peters!

Kwa ambao walisinzia kipindi cha historia: Carl Peters ndiye aliyeingia Usagara mwishoni mwa 1884 na makaratasi ya mikataba, akawawekesha machifu alama kwenye maandishi ya lugha wasiyoijua. Wakati huo huo Berlin kulikuwa na mkutano wa mataifa ya Ulaya kuhusu Afrika, ulioanza 15 Novemba 1884 na kufungwa 26 Februari 1885. Kesho yake tu, tarehe 27 Februari, serikali ya Ujerumani ikampa Peters hati ya kulinda maeneo aliyojipatia. Baadaye alipelekwa Kilimanjaro kama kamishna, na huko akawanyonga mtumishi wake Mabruk na binti aitwaye Jagodia, ambaye alikuwa amemfanya mwanamke wake. Huku watu walimwita Mkono wa Damu. Kelele zilikuwa kubwa hadi bungeni Ujerumani, na 1897 akafukuzwa kazi kwa aibu. Yaani hata Wajerumani wa zama zile walimwona amezidi.

Aliyemsafisha ni utawala wa Hitler. Mtaa ulipewa jina lake 1939.

Na mtaa wenyewe hauko peke yake. Uko ndani ya eneo la Wedding linaloitwa Afrikanisches Viertel, maana yake kitongoji cha Kiafrika. Ukishuka kwenye treni ya chini ya ardhi, kituo kinaitwa Afrikanische Straße. Ukitembea kidogo unakutana na mtaa wa Zanzibar, mtaa wa Tanga, wa Usambara, wa Uganda, wa Kongo, wa Togo, wa Kamerun. Mbongo akifika mara ya kwanza anaweza kufurahi akapiga selfie, akadhani wametuheshimu. Ngoja kwanza. Majina ya mwanzo, Togo na Kamerun, yaliwekwa 1899, wakati hizo zilikuwa mali ya Mjerumani. Ni kama mtu anavyoandika majina ya mashamba yake ukutani.

Kuna na la pili, ambalo kwenye matembezi huwa linawanyamazisha watu. Karibu na hapo kuna bustani kubwa ya miti, Rehberge. Mfanyabiashara wa wanyama wa Hamburg, Carl Hagenbeck, alikuwa na mpango wa kuweka pale maonyesho ya kudumu ya wanyama wa Afrika. Na watu. Ndiyo, watu, waishi pale watazamwe. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza 1914 mpango ukafa, yakabaki majina ya mitaa. Leo wazee wanatembeza mbwa pale jioni.

Usidhani hayo ya kuonyesha watu yaliishia kwenye mipango tu. Mwaka 1896, kwenye bustani ya Treptow hapo hapo Berlin, watu 106 kutoka makoloni waliwekwa kwenye maonyesho miezi kadhaa, wakiwemo waliotoka Afrika Mashariki. Waliambiwa wavae "kienyeji", wapike, wacheze ngoma, huku wenye mji wakilipa kiingilio. Mmoja wao, Kwelle Ndumbe wa Kamerun, alikwenda akanunua darubini ndogo ile ya kutazamia maigizo, akawa anawatazama wao. Wengi wa wale 106 kwa mtu wa kawaida hawana jina wala sura, ni "Wasuaheli", ni "Wamasai", basi.

Turudi Petersallee. Mwaka 1986 watu walishaanza kulalamika, na halmashauri ya eneo ikatafuta njia ya mkato ambayo hata mwenyekiti wa kijiji mjanja angeiona ni kali. Hawakubadilisha jina. Walitangaza kwamba kuanzia sasa Peters anayeheshimiwa pale ni mwingine, Hans Peters, mwanasheria na mwanasiasa wa Berlin aliyewapinga Manazi. Mtaa ule ule, kibao kile kile, Peters mwingine! Ndiyo maana mwongozaji akisimama pale ana kazi ya kueleza Peters wawili kwa wakati mmoja.

Na hapo ndipo ziara hizi zinapotofautiana na ile ya kuona lango na kula soseji. Mtu akishatembezwa pale anarudi nyumbani akijua anaishi mtaa wa nani. Anamuuliza jirani. Jirani anakasirika, eti gharama za kubadilisha anwani nani atalipa. Wakazi na wenye biashara walipeleka mapingamizi, mambo yakafika mahakamani, miaka ikaenda. Lakini Desemba 2022 majina mawili ya wakoloni kwenye kitongoji hicho yaling'olewa: uwanja wa Nachtigal ukawa wa Manga Bell, familia ya mfalme wa Duala aliyenyongwa na Wajerumani 1914, na mtaa wa Lüderitz ukawa wa Cornelius Fredericks, kiongozi wa Wanama wa Namibia. Tarehe 23 Agosti 2024 ikafika zamu ya Peters, wote wawili. Sehemu moja ya mtaa sasa inaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa jina la mwanamke wa Namibia aliyeuawa Windhoek 1959. Sehemu nyingine inaitwa Maji-Maji-Allee.

Soma tena: Maji-Maji-Allee, Berlin. Mtu wa pale sasa akiagiza pizza anataja vita vya 1905 mpaka 1907 vya babu zetu wa kusini.

Upande mwingine wa mji, Neukölln, kulikuwa na mtaa wa Wissmann, yule kamanda aliyeteketeza pwani wakati wa vita vya Abushiri. Tangu 2021 unaitwa Lucy-Lameck-Straße. Huyu ni mama yetu kabisa, mzaliwa wa Moshi, mwanamke wa kwanza kushika nafasi ya uwaziri Tanganyika. Inawezekana kabisa kijana wa Berlin anajua Lucy Lameck ni nani kuliko kijana wa Dar anayepita barabara yenye jina la mtu bila kuuliza.

Vituo vingine ni vidogo, unaweza kuvikanyaga. Hiki ni cha kukanyaga kweli. Mtaa wa Brunnenstraße, nyumba namba 193, kuna jiwe dogo la shaba limechomekwa kwenye njia ya waenda kwa miguu tangu 2007. Ni la Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam 1904. Baba yake alikuwa askari wa Mjerumani, naye akaingizwa vitani akiwa mtoto. Mwaka 1929 akatinga Berlin kudai mshahara wa jeshi, wake na wa marehemu baba yake. Hakulipwa. Akabaki, akawa mhudumu wa mgahawa, akafundisha Kiswahili, akaigiza kwenye filamu nyingi sehemu ndogo ndogo. Filamu yake ya mwisho ilitoka 1941, na ilikuwa ya kumsifu nani? Carl Peters! Mwaka huo huo alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafia huko 24 Novemba 1944.

Mtu anaweza kusema haya ni ya Wachaga, ya watu wa pwani na wa kusini, Dongobesh yanatuhusu nini? Yanahusu. Oscar Baumann, Mzungu wa kutoka Austria, alikatiza nchi za Wairaqw na Wadatoga 1892, na kitabu cha safari yake kilichapishwa 1894, Berlin. Mbulu mjini Wajerumani walikuwa na boma lao. Maamuzi ya nani alipe kodi na nani abebe mizigo kwenye vilima vya huku yalikuwa na bosi wake kwenye ofisi za Wilhelmstraße. Mtaa huo huo, namba 92, ndipo ule mkutano wa 1884 ulipofanyika. Jengo halipo tena, kuna maghorofa ya kuishi watu na kibao cha kumbukumbu. Watalii wengi wanapita wakielekea kwingine.

Hata kwenye makumbusho ya viumbe ya Berlin, yule dinosaria mwenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu, anayewafanya watoto wa Kijerumani wabaki mdomo wazi, ni wa Tendaguru, Lindi. Mifupa ilichimbwa 1909 hadi 1913, ikabebwa kwa mabega ya watu mpaka bandarini. Waliobeba ni mamia. Majina yao si mengi yaliyoandikwa ukutani.

Na mifupa si ya dinosaria tu. Agizo la yule bibi liko pale pale. Taasisi ya makumbusho ya Berlin ilichunguza mafuvu ya watu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki zama za Mjerumani, mengi ya Rwanda, na karibu 200 ya Tanzania. Ndugu wa Kilimanjaro walitoa mate yao yapimwe vinasaba. Septemba 2023 majibu yakatoka: mafuvu matatu yamepata familia zake, moja likiwa la akida wa Mangi Meli. Miaka zaidi ya mia moja mtu alikuwa namba ndani ya boksi, ghafla ana jina, ana wajukuu, ana kijiji.

Kichwa cha Meli mwenyewe hakikuwa kati ya hayo matatu. Novemba mwaka huo huo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa kwenye vita vya Maji Maji.

Ule mti wa Old Moshi bado upo. Wageni wanafika, Wajerumani wakiwemo, na siku hizi pembeni kuna sanamu ya Meli, kichwa na kifua. Kijana wa pale anawaeleza ilivyokuwa. Wapo wanaouliza kichwa chenyewe kiko wapi.