Kodi ya Ushindi: Asiyekuwepo na Lake Halipo

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kodi ambayo wengi wanaoilipa hawajui kwamba wanailipa. Ni ile inayokatwa kwenye zawadi ya mtu aliyebashiri akapatia. Wataalamu huiita kodi ya zuio, kwa sababu anayelipa zawadi huzuia sehemu ya Serikali kabla fedha hazijamfikia mshindi. Hapa kwetu Iyunga, kuanzia kwa vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria wa treni ya TAZARA hadi kwa wauza chipsi wa barabara ya Zambia, jambo hili linajulikana kwa maneno mafupi tu: "Mkeka umetiki, lakini wamekata."

Wamekata nini, na kwa hesabu gani? Swali hilo ni la zamani kuliko mikeka yetu. Lilianza kwenye mbio za farasi, mnyama ambaye wengi wetu Mbeya tunamwona kwenye picha tu. Tukifuata historia yake tutaona jinsi lilivyotoka kwenye viwanja vya matajiri wa Ulaya hadi likafika kwenye simu ya kijana wa Iyunga.

Tuanze na Uingereza. Mwaka 1926 Winston Churchill, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Fedha, aliweka kodi juu ya madau ya mbio za farasi. Wapokea madau walikasirika, na wengine waligoma kufanya kazi viwanjani. Lakini tatizo kubwa halikuwa mgomo. Kuchezea fedha taslimu nje ya uwanja wa mbio kulikuwa ni kosa la jinai, na huko vichochoroni ndiko wananchi wa kawaida walikochezea. Kwa hiyo aliyefuata sheria alitozwa, aliyeivunja hakutozwa. Kabla ya miaka ya 1920 kumalizika Churchill mwenyewe aliamua kodi hiyo ifutwe.

Mwaka 1961 maduka ya madau yaliruhusiwa kufunguliwa mitaani, na mwaka 1966 kodi ikarudi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 mteja wa duka la Uingereza alikuwa akikatwa asilimia 9, yaani kodi ya Serikali pamoja na nyongeza ya mwenye duka. Lakini alikuwa na hiari: alipe kodi juu ya dau anapocheza, au asubiri ikatwe kwenye malipo endapo atashinda. Tazama tofauti yake. Mtu aliyeweka pauni 10 na kulipa kodi palepale alitoa senti 90 tu za pauni. Aliyesubiri, farasi wake akashinda kwa kumi kwa moja, alipewa pauni 110 na kukatwa karibu pauni 10. Dau lilikuwa lile lile na farasi yule yule. Kilichobadilika ni mahali kodi ilipokatwa.

Ndipo simu na kompyuta zikaingia. Makampuni makubwa yakaanza kuhamia Gibraltar, na wateja wakawa wanapiga simu huko kukwepa ile asilimia 9. Gordon Brown, Waziri wa Fedha wa wakati huo, akaona kwamba mfuko unavuja. Oktoba 2001 kodi ya mteja ilifutwa kabisa, na badala yake kampuni ikatozwa asilimia 15 ya faida yake ghafi. Mchezaji wa Uingereza akapata nafuu, lakini si kwa sababu mtu alimhurumia. Aliipata kwa sababu alikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Marekani mambo yalikwenda vingine. Sheria ya kodi ya mwaka 1976 iliagiza kwamba sehemu ya ushindi mkubwa wa mbio za farasi izuiwe papo hapo dirishani. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kwamba ushindi unaozidi dola 5,000, ukiwa umefikia mara 300 ya dau, ukatwe. Kwa masikio ya mtu wa kawaida ni haki kabisa: aliyeokota mali aikumbuke Serikali.

Lakini wacheza farasi wa huko hununua tiketi moja yenye mpangilio mwingi ndani yake: farasi huyu wa kwanza na yule wa pili, au kinyume chake, na kadhalika. Chukua mtu aliyetumia dola 480 kwa mipangilio 480 ya dola moja moja, na mmoja ukamletea dola 6,000. Yeye anajua ametoa dola 480. Mamlaka ya kodi ilisema dau lake ni dola moja tu, ile iliyoshinda, na zile 479 ilizihesabu kama hazikuwepo. Hivyo akaonekana ameshinda mara 6,000, na kwa kiwango cha asilimia 25 cha wakati huo akazuiliwa takriban dola 1,500. Kweli angeweza kudai marejesho mwisho wa mwaka, lakini hadi wakati huo fedha zake zilikaa Hazina.

Wachezaji hao hawakuishia kunung'unika kwenye majukwaa. Kwa kuratibiwa na chama cha kitaifa cha mbio za farasi, walimwandikia Waziri wa Fedha na mamlaka ya kodi barua kwa maelfu, na wakaomba jambo moja tu: fedha zote ambazo mtu ameweka kwenye tiketi zihesabiwe kuwa dau lake. Hawakuomba kodi ifutwe, waliomba hesabu iwe ya kweli. Septemba 2017 kanuni ilibadilishwa kama walivyoomba. Yule wa dola 480 akawa ameshinda kama mara 12 tu ya fedha zake, na hakukatwa kitu dirishani.

Hata hivyo, ushindi wa namna hiyo si wa kudumu. Sheria ya Marekani ya mwaka 2025 imeweka kwamba kuanzia mwaka wa kodi 2026 mchezaji ataruhusiwa kupunguza asilimia 90 tu ya hasara zake. Maana yake, aliyeshinda dola 100,000 na kupoteza dola 100,000 atahesabiwa kuwa na mapato ya dola 10,000 ambazo hajapata kuziona.

Sasa turudi Afrika Mashariki. Kenya ina mbio za farasi tangu mwanzo wa ukoloni. Tangu mwaka 1954 uwanja wake mkuu ni Ngong, Nairobi. Lakini vita ya kodi haikupiganwa kwa farasi, ilipiganwa kwa mpira wa miguu na simu ya mkononi. Mwaka 2014 Kenya ilianza kudai asilimia 20 ya ushindi. Utekelezaji ukawa mgumu, na mwaka 2016 Bunge likaifuta na kugeukia mapato ya makampuni. Kufikia Januari 2018 makampuni yalitozwa asilimia 35, na SportPesa ikajibu kwa kuondoa udhamini wake kwa michezo ya nchini. Sheria ya mwaka 2018 ikateremsha kiwango hicho hadi 15, ila ile asilimia 20 ya mshindi ikarudishwa.

Hapo ndipo likaibuka lile lile swali la Marekani: ushindi ni nini? Mtu akiweka shilingi 100 na kulipwa 150, je, ameshinda 150 au 50? Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilihesabu malipo yote, dau likiwa ndani yake. Makampuni yakapinga. Julai 2019 makampuni 27 yalinyimwa leseni mpya, na Septemba mwaka huo SportPesa na Betin yakatangaza kufunga shughuli. Mabishano yaliendelea hadi sheria ya mwaka 2023 iliposema wazi kwamba dau si sehemu ya ushindi. Kisha mwaka 2025 mfumo ukabadilishwa tena: asilimia 20 ya ushindi ikaondoka, ikaingia asilimia 5 ya fedha anazotoa mteja kwenye akaunti yake ya kubashiri.

Na sisi? Tulikuwa na Bahati Nasibu ya Taifa tangu miaka ya 1970, na mwaka 2003 ikatungwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, yenye Bodi yake. Mwaka 2017 ukusanyaji wa kodi ya michezo hiyo ulihamia Mamlaka ya Mapato, TRA. Mwaka 2021 kodi ya zawadi ya ushindi kwenye kubashiri michezo ilipunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 15, huku kodi ya mapato ghafi ya makampuni ikipanda kutoka 25 hadi 30, na nyongeza hiyo ikielekezwa Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Baadaye kodi ya mshindi iliteremka hadi 10, na bajeti ya Juni 2025 ikaja na pendekezo la kuirudisha 15.

Katika kupanda na kushuka huko, nani alimsemea mtu wa mkeka? Makampuni yana chama na wanasheria. Vilabu vinavyovaa majina ya makampuni hayo kifuani vina viongozi wa kuzungumza. Mtu wa mkeka hana chama, na pengine anaona haya hata kukiri kwamba anacheza. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo.

Hebu tupige hesabu ya kienyeji. Kijana wa Iyunga acheze mikeka kumi ya shilingi 1,000, tisa ichanike, mmoja umlipe 9,000. Amekwishapoteza 1,000. Ukimkata asilimia 10 ya yale malipo, anabaki na 8,100. Yaani mtu aliyepata hasara ametozwa kodi ya mshindi.

Nisieleweke vibaya. Simpigii debe mcheza kamari, na sitaki kijana yeyote adhani kwamba kodi ikipungua atatajirika. Kodi ifutwe leo, bado mikeka tisa imechanika. Mwenye kampuni amepanga viwango vyake ili yeye abaki na faida. Wala sisemi Serikali isitoze, kwani hospitali na barabara hazijengwi kwa maneno. Ninachosema ni kwamba anayetozwa ana haki ya kujua. Mkeka uoneshe dau ni kiasi gani, ushindi ni kiasi gani, na kodi imekatwa juu ya kipi. Na kila mwaka Muswada wa Sheria ya Fedha unapofika Bungeni, Kamati ya Bajeti hupokea maoni ya wadau. Mlipaji wa shilingi mia tisa ni mdau kama mlipaji wa milioni mia tisa.

Wacheza farasi wa Marekani walisikilizwa kwa sababu waliandika, wakataja tarakimu, wakaomba jambo moja linaloeleweka. Kalamu na karatasi hata Iyunga vipo.