Kutoka Coventry hadi Steji ya Kathonzweni

Fundi wa pikipiki wa Kathonzweni, Makueni, hapimi cheni kwa chombo. Huisimamisha pikipiki ya Boxer kwa stendi ya kati, akazungusha gurudumu la nyuma polepole na kubonyeza cheni kwa kidole gumba. Ikiwa imelegea mno, hufungua nati ya ekseli na kuvuta gurudumu nyuma kidogo. Baada ya muda mfupi bodaboda yuko tena stejini, barabara ya Wote–Makindu, akingoja gunia la ndengu au mama mwenye mtoto mgongoni.

Ukoo mwingine wa pikipiki, ambao ungekuja kukutana na wa Boxer, ulianzia kwenye baiskeli. Siegfried Bettmann, mzaliwa wa Nuremberg, Ujerumani, alihamia Uingereza akauza baiskeli, na mwaka 1886 akaziita Triumph, jina ambalo mataifa mengi ya Ulaya yangelielewa. Akishirikiana na Mauritz Schulte alijenga kiwanda mjini Coventry. Mwaka 1902 wakafunga injini ya Minerva, kutoka Ubelgiji, kwenye fremu iliyokuwa bado na sura ya baiskeli. Miaka mitatu baadaye wakatengeneza injini yao wenyewe.

Mwaka 1915 ikaja Model H: silinda moja, cc 550, gia tatu, wala haikuwa na pedali. Takriban 30,000 zilikwenda vitani kubeba wajumbe wa jeshi, na wapandaji wakaiita "Trusty", yaani ya kuaminika. Gurudumu la nyuma lilizungushwa na mkanda, ambao ukilowa uliteleza. Anayejua tope la vuli huku Makueni ataelewa shida hiyo. Kinachoniuma ni kwamba Bettmann, aliyekuwa Meya wa Coventry vita vilipozuka, alisakamwa kwa sababu ya alikozaliwa, ilhali kiwanda chake ndicho kilichowabeba askari hao. Ilikuwa dhuluma.

Mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, Novemba 1940, yalikiteketeza kiwanda, kikahamia Meriden, na mwaka 1983 kikafungwa. Mfanyabiashara John Bloor akanunua jina la Triumph na kulifufua Hinckley.

Huku kwetu pia baiskeli ndiyo iliyotangulia. Miaka ya 1960 vijana wa Busia walibeba watu kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka, "border" hadi "border", ndipo lilipotoka neno bodaboda. Serikali ya Kenya ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, injini zikachukua nafasi ya miguu, na Boxer ya Bajaj, kampuni ya Pune, India, ikajaa kwenye vijia vya vumbi vya Ukambani.

Hapo koo mbili zikakutana. Januari 2020 Bajaj na Triumph zilitia sahihi ushirikiano, na tangu 2023 Triumph Speed 400, nayo ya silinda moja, inaundwa Chakan, karibu na Pune. Kampuni iliyotengeneza Boxer iliyo mikononi mwa fundi wetu ndiyo inayounda pikipiki yenye jina alilolichagua Bettmann.

Fundi amekwisha kukaza nati. Anapaka cheni oili, anazungusha gurudumu mara moja zaidi, anasikiliza, kisha anamwita mwenye pikipiki.